Matatu Namba 237 Kwenda Paris, Mwaka 1735

Haya wandugu, leo tuweke kando seva na hifadhidata. Kuna swali limekuwa likinizunguka kichwani, nalo linawahusu watu wa kompyuta kuliko linavyoonekana: ngoma ikishachezwa, inahifadhiwa wapi?

Wimbo una maneno. Muziki una noti. Jengo lina ramani. Lakini hatua ya mguu? Mchezaji akishautua mguu chini, hatua imekwisha. Hakuna faili, hakuna folda, hakuna msimbo chanzo wa kufungua kesho ukaona jinsi kitu kilivyotengenezwa. Sisi watunzi wa programu tunajua balaa la programu inayofanya kazi huku msimbo wake umepotea. Siku mashine ikifa, programu imezikwa nayo. Sasa fikiria ngoma zetu zote zikiwa katika hali hiyo, na mashine zenyewe ni wazee wa miaka 80 na zaidi.

Ili kujibu swali hili nimeamua kusafiri. Usiniulize fizikia yake. Tuseme tu kwamba pale Ruiru, kando ya barabara kuu ya Thika, inapita matatu namba 237, na makanga wake leo anaita: "Paris, Paris, elfu moja mia saba thelathini na tano! Wawili tu, twende!" Panda, tukae nyuma.

Tunashuka Paris

Ni Agosti 1735. Tuko katika ukumbi wa Opera uliopo Palais-Royal. Taa ni mishumaa, kwa hiyo kuna joto, moshi na harufu ya nta. Wenye pesa wamekaa kwenye vyumba vya pembeni, na waliolipa kidogo wamesimama chini mbele ya jukwaa. Kipindi cha leo ni kipya: Les Indes galantes ya Jean-Philippe Rameau, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 23 mwezi huu. Ni mchanganyiko wa kuimba na kucheza, opera na baleti katika sufuria moja.

Kama umezoea baleti ya kwenye kalenda, yaani binti mwenye sketi fupi nyeupe amesimama kwenye ncha za vidole, utamtafuta humu ndani hadi uchoke. Bado hajafika. Kucheza juu ya ncha za vidole kulipata sifa miaka karibu 100 baadaye, Marie Taglioni alipocheza La Sylphide mwaka 1832. Hapa wanawake wamevaa viatu vyenye visigino, na magauni yaliyotanuliwa kwa fremu hadi mlango unakuwa mdogo. Wanaume nao wana sketi ngumu iliyotanuka kiunoni, mawigi, na mara nyingi barakoa usoni. Uso haufanyi kazi. Kazi yote iko miguuni, na nusu ya miguu imefunikwa.

Ndiyo maana wanawake wawili wa zama hizi wanakumbukwa hadi leo. Marie Camargo alifupisha gauni lake kidogo ili watazamaji waone miguu ikipigapiga hewani. Marie Sallé alikwenda London, na mwaka 1734 akacheza Pygmalion bila ile fremu ya gauni, nywele zikiwa wazi, amevaa kitambaa chepesi tu. Leo Sallé amerudi Paris, na ndiye tunayemwona jukwaani akiwa Waridi katika sehemu ya maua. Ukumbi umetulia.

Mtazame vizuri. Jinsi alivyocheza Waridi usiku huu hakuna mtu duniani leo anayeweza kuicheza hatua kwa hatua. Imepotea.

Lakini ukitoka hapo nje ukaingia duka la vitabu, utakuta kitu kitakachokufanya, kama wewe ni mtunzi wa programu, usahau matatu inakusubiri.

Lugha ya kuandikia miguu

Mwaka 1700 mwalimu wa ngoma aitwaye Raoul-Auger Feuillet alichapa kitabu hapo Paris chenye jina Chorégraphie. Leo neno hilo lina maana ya kutunga ngoma. Kwa Feuillet lilikuwa na maana yake ya asili ya Kigiriki: kuandika ngoma. Kuandika kabisa, kwa wino na karatasi.

Mfumo wake uko hivi. Ukurasa ni sakafu ya ukumbi ukiitazama kutoka darini, na sehemu ya juu ya ukurasa ni kule anakokaa mfalme. Juu kabisa kuna noti za muziki wa ngoma hiyo. Chini yake unachorwa mstari unaopinda na kuzunguka: hiyo ndiyo njia anayopita mchezaji. Pembeni mwa mstari, kushoto na kulia, zinabandikwa alama za mguu wa kushoto na wa kulia. Alama ya hatua ina kidoa mahali mguu unapoanzia na kikonyo kinachoonyesha unakoelekea ukitua. Kijistari kimoja kilicholala upande kwenye alama ya hatua maana yake kunja goti. Kijistari kilichosimama wima maana yake jiinue. Viwili vya wima maana yake ruka. Vijistari vingine vinaikata njia yenyewe, kila kimoja kikilingana na mpigo mkuu wa muziki ulio juu.

Umeona? Kuna sintaksia, kuna amri, kuna saa ya kuzioanisha. Wachezaji wawili wanaandikwa kwa njia mbili zinazotazamana. Makusanyo ya ngoma mpya yalitoka mwaka hadi mwaka, na mwalimu aliyekuwa mbali na Paris aliweza kununua karatasi na kufundisha ngoma ambayo hajawahi kuiona kwa macho. Mwaka 1706 John Weaver alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza huko London. Ngoma zaidi ya 300 zilizoandikwa hivyo zipo hadi leo. Ukijifunza alama kwa bidii, unaweza kusimama sebuleni kwako Ruiru na kucheza ngoma ya mwaka 1701.

Na kama ilivyo kawaida yetu, palipo na kitu kizuri hapakosi ugomvi wa umiliki. Pierre Beauchamp, aliyekuwa mwalimu wa ngoma wa mfalme Louis XIV, na ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyezipanga zile nafasi tano za miguu zinazofundishwa hadi leo, mwaka 1704 alilalamika mbele ya baraza la mfalme kwamba mfumo huo ni wake, na kwamba Feuillet ameuchukua. Feuillet aliendelea kuchapisha. Beauchamp alifariki mwaka uliofuata. Tuliweke akilini jambo hili, tutalihitaji tukifika nyumbani.

Hatima tatu

Karne ya 18 inatuonyesha kwamba ngoma inaweza kufikia moja ya hatima tatu.

Ya kwanza ni ngoma iliyoandikwa. Hizi ni zile za kumbi za starehe na baadhi ya za jukwaani, zilizoingia kwenye mfumo wa Feuillet. Zimebaki hadi unyayo. Ila kuna tatizo: mfumo ulijali miguu na njia, mikono ukaigusa kidogo, na uso ukauacha. Umebaki na mifupa bila nyama.

Ya pili ni ngoma iliyosifiwa bila kuandikwa. Jean-Georges Noverre ndiye mtu aliyepigania baleti isimulie kisa kwa mwili na uso bila kuimbwa. Barua zake kuhusu ngoma zilichapwa mwaka 1760 na bado zinasomwa. Aliudharau mfumo wa Feuillet, na kwa haki: haukuweza kubeba hasira, huzuni, wala umati wa watu jukwaani. Lakini hakuleta mwingine wa kuziba pengo. Leo tuna maneno ya Noverre tele, na ngoma zake hakuna. Vivyo hivyo La Fille mal gardée ya Jean Dauberval, iliyochezwa Bordeaux tarehe 1 Julai 1789, wiki mbili kabla ya watu kuivamia Bastille. Jina lipo, kisa kipo, na watu bado wananunua tiketi. Hatua zinazochezwa London, hata hivyo, ni za Frederick Ashton za mwaka 1960. Ni kama nyumba ya babu iliyobaki na namba ya ploti tu.

Ya tatu ndiyo inayonifurahisha. Mwaka 1786 huko Copenhagen, Vincenzo Galeotti alitunga baleti ndogo ya kuchekesha kuhusu mungu wa mapenzi anayechanganya wapenzi. Haikuwa kazi kubwa ya kubadilisha dunia. Lakini kampuni ya kifalme ya Denmark iliendelea kuicheza, mkubwa akimfundisha mdogo, mdogo akikua akimfundisha mwingine. Leo inatajwa kuwa baleti ya zamani zaidi duniani iliyohifadhi hatua zake. Kazi za mkubwa Noverre zimezikwa, kichekesho cha Galeotti kiko hai, na sababu ni moja tu: hakikuacha kurudiwa.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni kwamba ngoma huhifadhiwa mahali pawili, kwenye karatasi na kwenye miili. Karatasi hudumu lakini haibebi kila kitu. Miili hubeba kila kitu lakini haidumu.

Tugeuze gari

Mwaka huohuo wa 1735, tukishuka kati ya mto Chania na mto Thika, hakuna mji wa Thika. Reli kutoka Nairobi itafika mwaka 1913. Kuna migongo ya milima, mashamba, na viwanja vya ngoma ambavyo Wakikuyu wanaviita kihaaro. Hapa hakuna Feuillet, ila kuna mfumo wa nakala rudufu uliokamilika: ngoma zimegawanywa kwa rika. Vijana wapiganaji wana kibata, akina mama wana gitiiro. Kila rika linapopanda ngazi, rika linalofuata linachukua ngoma, huku waliotangulia wakitazama na kusahihisha. Nakala mpya inatengenezwa kila kizazi, na wakaguzi wako hapohapo uwanjani.

Mfumo wa namna hii una udhaifu mmoja. Kizazi kimoja kikikosa kufika uwanjani, mnyororo umekatika. Katika karne ya 20 vijana walikwenda kwenye mashamba ya mkonge na kahawa ya Wazungu, hapa Thika na Ruiru yakiwemo, wakaenda shule za misheni, wakaenda vita viwili vya dunia.

Lakini miguu haikai bure. Katika miaka ya 1940 ikavuma mwomboko. Mwanamume na mwanamke wanacheza kwa jozi, hatua chache na mpindo, muziki ukiwa ni kinanda cha kuvuta, yaani akodioni, ambacho wazee wanakiita kinanda kia mugeto, pamoja na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kichuma. Akodioni ilipata hataza yake Vienna mwaka 1829. Uchezaji wa jozi ulionekana kwa Wazungu, na wanajeshi waliorudi vitani walikuwa mstari wa mbele kuucheza. Lugha, mashairi, mpindo na utani wote ni wa Gikuyu.

Kuna watu wanaosema mwomboko si utamaduni, ni kuiga Wazungu. Hao nawapandisha matatu tena hadi Paris. Mwaka 1725 wenyeji wa Amerika kutoka Louisiana walicheza ngoma zao katika ukumbi mmoja wa maonyesho pale Paris. Rameau aliwaona, akatunga kipande cha kinanda kutokana nao, na mwaka 1736 akakiingiza katika sehemu mpya ya ileile Les Indes galantes. Hakuna Mfaransa anayesema Rameau si utamaduni wa Kifaransa. Kukopa ni jambo la kawaida. Tofauti ni kwamba cha Rameau kiliandikwa.

Kitabu kilibaki, uwanja ulibomolewa

Katika Kaunti yetu hii ya Kiambu, upande wa Limuru, kuna kijiji cha Kamiriithu. Mwaka 1977 wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Nyimbo na ngoma hazikutoka chuo kikuu. Mama mzee wa kijijini asiyejua kusoma ndiye aliyewafundisha gitiiro, na watu waliokuja kutazama mazoezi waliwasahihisha waigizaji walipokosea. Umeona? Ni wakaguzi walewale wa kihaaro.

Mwaka huohuo serikali ilisimamisha maonyesho, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Tamthilia ilichapwa kama kitabu mwaka 1980. Mwaka 1982 ukumbi ulibomolewa. Leo unaweza kusoma kila neno la Ngaahika Ndeenda. Lakini kitabuni ngoma hutajwa, haionyeshwi. Hatua za gitiiro ya yule mama haziko kwenye ukurasa wowote.

"Si tuna video siku hizi?"

Najua unakuja na hili. Tuna simu, tuna YouTube, shida iko wapi?

Shida ni kwamba video si msimbo chanzo. Video ni rekodi ya programu ikikimbia mara moja, kwenye mashine moja, ikionekana kutoka upande mmoja. Mpiga video wa harusi anafuata nyuso na watu wanaotoa zawadi, na miguu huipata kwa bahati. Hata akiipata, haikuambii hatua ipi ni sheria na ipi ni mbwembwe za mchezaji.

Mfano ni guka wangu, ambaye alicheza mwomboko enzi za ujana wake upande wa Thika. Tulikuwa tunatazama video ya harusi ambamo anacheza na cucu, nikamwambia, "Guka, kijana amekunasa vizuri."

"Amenasa kofia," akasema. "Hapo unaona napinda. Uliona nikimwambia cucu wako kwamba sasa tunapinda?"

"Ulimwambia saa ngapi, guka?"

"Kabla. Kwa kiganja. Mgeni angoje aone, yeye hakungoja."

Kamera gani inaonyesha kiganja kikibonyeza? Hilo lazima mtu aliseme, mtu mwingine aliandike, na mtu wa tatu alijaribu kwa mwili wake.

Kwa hiyo kama una guka au cucu anayecheza, haya ndiyo mahitaji ya mradi, toleo la kwanza:

1. Piga video mara tatu: mara moja miguu tu, mara moja mwili mzima kutoka mbele, mara moja kutoka nyuma ili mwanafunzi aweze kufuata bila kugeuza kushoto na kulia kichwani.

2. Chora njia kwenye karatasi, ukumbi ukiutazama kutoka darini, kama Feuillet. Weka alama mahali karing'aring'a inapogongwa. Huhitaji programu, kalamu inatosha.

3. Andika majina ya hatua kwa Gikuyu jinsi mzee anavyoyatamka, na umuulize: hapa lazima, au hapa kila mtu na yake?

4. Uliza yasiyoonekana: kiganja, pumzi, macho, nani anaanza.

5. Andika jina lake, mahali na mwaka, kama ameridhia. Hapa ndipo tunamkumbuka Beauchamp na kesi yake ya 1704. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, na ngoma zimo. Hatua za mwomboko ni za jamii. Aliyezichora wa kwanza si mwenyewe.

6. Hifadhi nakala zaidi ya moja, na moja iwe ya karatasi. Video ngapi za miaka ya 2000 zilifungwa ndani ya Flash, ambayo ilizikwa rasmi mwisho wa mwaka 2020? Karatasi ya Feuillet ya mwaka 1700 bado inafunguka, na haijawahi kudai toleo jipya.

7. Jifunze kuicheza. Hiki ndicho kipengele wanachokiruka wengi, na ndicho kilichoiokoa baleti ya Galeotti. Nakala ya saba lazima iwe mwilini mwa mtu mwenye umri chini ya wa mzee huyo.

Mimi nimeshachora kurasa mbili, na mpindo bado unanipiga chenga. Guka anasema goti la kushoto ni la Mzungu, la kulia ndilo linaanza kuelewa. Jumamosi ijayo tunaendelea na ukurasa wa tatu.

Haya, kazi kwenu.